Mkonge umepunguza watu, mji unakua: ajira za Korogwe zinaendeshwa na nini?

Swali limetoka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata moja wilayani Korogwe, mkoani Tanga:

"Shikamoo Daktari. Babu yangu aliletwa hapa kutoka Kigoma kukata mkonge. Baba alizaliwa kambini, akafanya kazi kwenye korona, kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, mpaka alipopunguzwa. Leo shamba lina wafanyakazi wachache mno, lakini mji unakua: maduka, bodaboda, mawakala wa fedha, shule. Kwenye kikao cha kata kila mtu ana jibu lake. Wazee wanasema Azimio la Arusha liliua mkonge, wengine wanasema wawekezaji, wengine wanasema kamba za nailoni, na diwani anasema vijana hawataki kazi. Mimi nimepewa jukumu la kuandika taarifa ya hali ya ajira. Nitajuaje kinachofanya kazi ziongezeke sekta hii na kupungua ile?"

Marahaba, mwanangu. Wote waliozungumza kikaoni wana sehemu ya ukweli, ila kila mmoja anazungumzia kipindi chake. Anayetaja nailoni yuko kwenye bei ya dunia ya miaka ya 1960. Anayetaja Azimio yuko 1967 na kuendelea. Anayetaja wawekezaji yuko kwenye ubinafsishaji wa mwishoni mwa miaka ya 1990. Diwani anazungumzia alichokiona juzi. Ukichagua mmoja wao ukamwandikia taarifa, utakuwa umetangaza mshindi wa mabishano, na halmashauri itabaki palepale bila kujua ishike lipi. Unachotakiwa ni kupima: kila sababu imebeba watu wangapi?

Kwa bahati nzuri ipo hesabu ya zamani ya kufanya hivyo, ambayo ilipata umbo lake linalojulikana kwa mchumi wa Marekani Edgar Dunn mwaka 1960. Haihitaji kompyuta kubwa. Kalamu na kikokotoo cha simu vinatosha. Inachukua mabadiliko ya ajira ya sekta moja katika eneo moja, kati ya mwaka wa mwanzo na mwaka wa mwisho, na kuyagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza tuliite la taifa. Kama ajira zote nchini zimeongezeka kwa asilimia fulani, tungetarajia kila sekta ya Korogwe iongezeke kwa asilimia hiyohiyo, kwa sababu tu watu wameongezeka na uchumi umekua. Fungu la pili ni la sekta. Zipo sekta zinazokwenda mbio kuliko nchi na zipo zinazorudi nyuma, popote zilipo. Fungu la tatu ni la mahali: baada ya kutoa yale mawili ya kwanza, kinachobaki ni tofauti kati ya sekta hiyo hapo kwenu na sekta hiyohiyo kwingine nchini.

Twende na mfano. Takwimu hizi nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, usizinukuu popote. Chukua wilaya yenye sekta tatu tu. Mwaka wa mwanzo mkonge una watu 4,000, biashara na usafirishaji 2,000, elimu na afya 1,000. Miaka kumi baadaye mkonge una 2,600, biashara na usafirishaji 3,400, elimu na afya 1,500. Jumla ilikuwa 7,000, sasa ni 7,500. Zimeongezeka ajira 500, na ndivyo itakavyosomwa kwenye mkutano: "tumekua."

Sasa tuseme nchi nzima, katika miaka hiyohiyo kumi, ajira zote ziliongezeka kwa asilimia 20. Mkonge kitaifa ulipungua kwa asilimia 10, biashara na usafirishaji viliongezeka kwa asilimia 50, elimu na afya kwa asilimia 60.

Anza na mkonge. Kama ungekwenda sawa na nchi, ungeongeza asilimia 20 ya watu 4,000, yaani 800. Lakini kitaifa sekta yenyewe ilikwenda asilimia 30 chini ya mwendo wa nchi, kwa maana ilitakiwa kuwa juu 20 ikawa chini 10. Asilimia 30 ya 4,000 ni watu 1,200, hao unawatoa. Na hapo kwenu mkonge ulishuka kwa asilimia 35, wakati kwingine ulishuka 10 tu. Tofauti ni 25, sawa na watu 1,000 wengine wa kutoa. Jumlisha 800, toa 1,200, toa 1,000: unapata hasara ya 1,400, ndiyo ileile ya kutoka 4,000 hadi 2,600. Hesabu imefunga.

Fanya hivyohivyo kwa biashara na usafirishaji, utapata 400 za taifa, 600 za sekta na 400 za mahali. Elimu na afya ni 200 za taifa, 400 za sekta, na hasi 100 za mahali.

Hapo kwenye elimu na afya nataka ukae kidogo. Ajira zimeongezeka 500, kila mtu anaona madarasa mapya na zahanati mpya, na hakuna anayeweza kusimama kikaoni akalalamika. Hata hivyo fungu la mahali ni hasi, kwa sababu wilaya nyingine zilipata zaidi. Pengine walimu wanapangiwa kwenu na kuhama baada ya mwaka, pengine nyumba za watumishi hazipo. Jicho haliwezi kuliona hilo. Jicho linaona ongezeko tu.

Ukijumlisha sekta zote tatu, fungu la taifa ni ajira 1,400, la sekta ni hasi 200, la mahali ni hasi 700. Wilaya iliyosherehekea ajira 500 ilipaswa kupata 1,400 kama ingetembea tu na nchi. Imekosa 900. Na katika hizo 900, sehemu ndogo inatokana na kuwa na sekta inayorudi nyuma, sehemu kubwa inatokana na mambo ya hapohapo nyumbani.

Fungu hili la mahali, mwanangu, ndilo linalowadanganya watu wengi, wakiwemo wataalamu wenzangu. Ni masalia. Ni kile kilichobaki baada ya kutoa vingine, na ndani yake kuna kila kitu: udongo uliochoka, barabara, mvua, uongozi wa shamba, mgogoro wa ardhi, mwajiri mmoja aliyefunga milango. Hesabu haikwambii sababu. Inakuonyesha mahali pa kuchimba, na jembe unalishika mwenyewe.

Nakupa mfano wa kweli wa kitu kinachojificha humo. Kiwanda cha chai cha Mponde, kule milimani Usambara upande wa Bumbuli, kilisimama mwaka 2013 baada ya mgogoro wa muda mrefu kati ya wakulima na mwekezaji. Chai ya Tanzania haikusimama mwaka huo, wala watu duniani hawakuacha kunywa chai. Aliyekaa mezani Dodoma na takwimu tupu angeona fungu la mahali limeporomoka ghafla, na asingejua kwamba kilichoporomoka ni maelewano ya watu. Lazima mtu apande mlima, akae na wakulima, aulize.

Sasa turudi kwenye mkonge, maana hapo ndipo kikao chenu kilipowaka moto.

Zao hili si la asili yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na mkonge ukawa mwajiri mkubwa wa kazi za ujira nchini. Kilele cha uzalishaji kilikuwa 1964, karibu tani 230,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa karibu tani 20,000. Tumepoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi.

Sababu ya kwanza ni hiyo wanayoiita nailoni. Kwa usahihi zaidi ni polipropilini, plastiki iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikageuzwa kamba za bei rahisi. Soko kubwa la singa zetu, yaani nyuzi za mkonge, lilikuwa kamba za kufungia nyasi na mavuno kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani, na soko hilo likaanza kutoroka. Bei ikaanguka kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Hili ni fungu la sekta, tena la dunia nzima, na hakuna mkuu wa wilaya ambaye angeweza kulizuia.

Lakini je, nailoni inatosha kueleza anguko lote? Hapa hesabu ya mafungu matatu ina mtego, na nakuomba uuone kabla hujaukanyaga. Mkoa wa Tanga ndio unaotoa sehemu kubwa ya mkonge wa Tanzania. Ukilinganisha mkonge wa Tanga na mkonge wa taifa, unaulinganisha na wenyewe kwenye kioo. Kosa lolote la sera lililoyagusa mashamba yote ya nchi kwa pamoja litajificha kwenye fungu la sekta na kuonekana kama ni "bei ya dunia." Kwa hiyo lazima utafute kioo kingine.

Kioo hicho kipo. Brazil inalima mkonge, imekutana na plastiki ileile, na ndiyo iliyotupita ikashika nafasi ya kwanza. Kenya, hapo ng'ambo ya mpaka, ina mashamba makubwa Taita-Taveta na Kilifi. Uzalishaji wa dunia ulipungua, ila si kwa kiwango chetu cha zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Kama adui angekuwa plastiki peke yake, wenzetu nao wangezama kama sisi. Wazee wenu kwa hiyo wana hoja. Baada ya 1967 mashamba mengi yaliingia mikononi mwa umma wakati bei tayari iko chini, na miaka iliyofuata fedha za kigeni zilikuwa haba, vipuri vya korona havipatikani, na upandaji upya ukadorora. Mimi naona mambo mawili yalikutana: bei ilivunja mguu, na usimamizi ukakosa kuufunga bandeji. Anayetaja moja tu anakupa nusu ya habari.

Lipo na jambo la tatu ambalo hakuna aliyelitaja kikaoni, nami kwangu ndilo zito zaidi kwa mtu anayeandika kuhusu ajira. Miaka ileile ya mwanzoni mwa 1960, uzalishaji ukiwa unapanda kuelekea kileleni, idadi ya wafanyakazi wa mkonge ilikuwa tayari inashuka. Baada ya uhuru kima cha chini cha mshahara kilipanda, na wenye mashamba wakajibu kwa kupanga kazi upya ili watu wachache watoe singa nyingi. Mfumo wa zamani, ambapo manamba, yaani kibarua wa shambani, alipewa kadi ya siku 30 za kazi na akaimaliza taratibu kwa muda wake, ulivumilia watu wengi kwa sababu walikuwa wa bei ndogo. Walipokuwa wa bei kubwa zaidi, hawakuvumiliwa.

Maana yake ni kwamba tani na ajira ni vitu viwili tofauti. Ajira ni tani zilizozalishwa mara watu wanaohitajika kwa kila tani. Serikali iliwahi kutangaza lengo la kuinua mkonge hadi tani 120,000 ifikapo 2025. Mtu akikwambia kwamba mkonge ukirudi kwenye tani za zamani watu wa zamani nao watarudi, muulize kwanza: kwa trekta ngapi, kwa mashine ya aina gani, na kwa wakataji wangapi kwa hekta? Nalitakia heri zao hili kwa moyo wote. Lakini usimwahidi kijana wa kata yako kazi iliyokuwa ya babu yake.

Na hapa nimjibu mheshimiwa diwani, kwa heshima yake. Kauli kwamba watu wa hapa hawataki kukata mkonge ina umri mkubwa kuliko vijana anaowasema. Wenye mashamba wa Kijerumani waliitoa, na Waingereza nao waliitoa baada yao. Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa na ardhi yao, mahindi yao, ndizi zao na masoko ya karibu, kwa hiyo hawakuona sababu ya kumenyeka na miiba kwa ujira ule. Ndiyo maana kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kusaka vibarua, SILABU, kilichowasomba watu kutoka Kigoma, Songea na kwingineko mbali. Babu yako ni ushahidi unaotembea. Aliletwa kutoka Kigoma kwa sababu mtu wa Korogwe alikuwa na njia bora zaidi ya kuishi.

Kijana wa leo anafanya hesabu ileile. Analinganisha malipo ya kukata mita moja ya mkonge (kipimo cha rundo la majani yaliyokatwa) juani na anachobaki nacho bodaboda jioni baada ya kulipa hesabu ya tajiri. Akichagua pikipiki, amekwambia kitu kuhusu ujira wa mkonge. Kwa hiyo badala ya kuandika "vijana hawataki kazi," tafuta malipo ya mkataji, tafuta mapato ya bodaboda na ya kibarua wa kuchuma machungwa Muheza, yaweke pamoja ukurasa mmoja. Ukurasa huo utazungumza bila wewe kupaza sauti.

Jambo jingine ambalo hesabu ya miaka miwili haiwezi kulionyesha ni kuchelewa. Mkonge haukatwi mwaka uliopandwa. Unasubiri takriban miaka mitatu kabla ya mkato wa kwanza, kisha unakatwa kwa miaka mingi mpaka utoe mlingoti na kufa. Shamba linaweza kuacha kupanda leo, na kwa miaka kadhaa korona ikaendelea kuunguruma, malori yakaendelea kupita, mishahara ikatoka. Kisha siku moja majani yanaisha. Watu watamlaumu meneja aliyepo siku hiyo, kumbe ajira zao zilikatwa na mtu aliyeacha kupanda miaka 8 nyuma, ambaye huenda alishastaafu na kuagwa kwa sherehe. Wakati wa kurudi juu ni hivyohivyo: mwekezaji au chama cha ushirika kinachopanda leo hakitaonekana kwenye takwimu za wakataji mpaka baadaye. Ukichagua vibaya mwaka wako wa mwanzo na wa mwisho, utawapa watu sifa au lawama isiyo yao.

Baba yako alipunguzwa, umesema. Ningependa umuulize mwaka gani, na ulize pia wenzake walikwenda wapi. Najua kwa sehemu. Baadhi walirudi kwao, wengine wakabaki kambini na kugawiwa au kuazima vipande vya ardhi iliyoachwa, wakalima mahindi na mihogo. Kwenye vitabu hao wametoka kwenye ajira ya ujira. Kwenye maisha wako hatua mia tatu kutoka pale walipokuwa. Tangu 1999 kukawa na mpango wa kuwapa wakulima wadogo maeneo ndani ya mashamba kama Magoma, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Hale walime mkonge wenyewe na kuusindika kwenye korona ya shamba. Mtu yuleyule, jani lilelile, lakini jana alihesabiwa mfanyakazi na leo anahesabiwa mkulima aliyejiajiri, tena mwenye vibarua wake ambao hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Sehemu ya "ajira zilizopotea" ni watu waliohamia safu nyingine ya jedwali. Sehemu. Usiwaache wakubwa wajifiche nyuma ya hoja hii, kwa sababu aliyepoteza mshahara wa mwezi, nyumba ya kambi na matibabu amepoteza kitu cha kweli hata kama bado ana jembe.

Kuhusu zile sekta zinazopanda sitasema mengi, kwa kuwa nyingi zinajieleza. Ualimu uliongezeka nchi nzima kutokana na shule za kata, zilizosukumwa na mpango wa sekondari ulioanza 2004, na baadaye elimu bila ada mpaka kidato cha nne kuanzia 2016. Uwakala wa fedha ulifika na huduma za simu kuanzia 2008. Bodaboda vivyo hivyo: zimejaa Korogwe, zimejaa Sumbawanga. Hayo ni mafungu ya taifa na ya sekta, na kiongozi wa mahali akijisifia hayo, anajisifia mvua.

Cha kwenu hasa ni barabara. Korogwe iko kwenye njia ya Arusha na Moshi kutoka Dar es Salaam, baada tu ya njia panda ya Segera inayokwenda Tanga mjini. Mabasi yanasimama, abiria wanakula, wananunua machungwa na mboga za Lushoto zilizoshushwa Mombo. Hiyo ni fedha inayotoka nje ya wilaya na kuingia ndani, kazi ileile iliyofanywa na mkonge zamani. Tofautisha fedha ya namna hii na fedha inayozunguka ndani. Kinyozi anamnyoa mwalimu, mwalimu ananunua kwa mwenye duka, mwenye duka anapanda bodaboda. Mzunguko huo ni mzuri, lakini lazima kuwe na mahali fedha inapoingilia. Shamba lilipopunguza watu, mama ntilie wa getini alifunga kabla ya mtu yeyote kutoa takwimu. Basi jiulize: leo mji ukikua, fedha inaingilia wapi? Mishahara ya serikali, abiria, mboga na matunda, fedha zinazotumwa na watoto walioko Dar, na sasa ujenzi.

Na ujenzi uuangalie kwa macho mawili. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaishia Chongoleani karibu na mji wa Tanga, na limepita kwenye mkoa wenu. Kazi za kuchimba mtaro ni za kweli na zimelisha nyumba nyingi, lakini mtaro ukishafukiwa haumhitaji mchimbaji tena. Usiutumie mwaka wa ujenzi kuwa mwaka wako wa mwisho, la sivyo hesabu itakuonyesha wilaya inayong'aa, na baada ya miaka miwili itakuonyesha msiba, na vyote viwili havitakuwa hali ya kudumu.

Sasa takwimu zenyewe. Utafiti wa nguvukazi wa 2014 na ule wa 2020/21 ni mzuri kwa taifa na una matumizi kwa mkoa, ila sampuli yake haikukusudiwa kuzungumzia wilaya moja, sembuse kata. Ukichomoa Korogwe humo, utakuwa unajenga nyumba juu ya kaya chache. Angalia pia mipaka: Kilindi ilikatwa kutoka Handeni, Mkinga kutoka Muheza, Bumbuli ikapata halmashauri yake ndani ya Lushoto, na Korogwe yenyewe ina halmashauri ya mji na ya wilaya. Nimewahi kusoma taarifa iliyolia kwamba wilaya fulani imepoteza maelfu ya ajira, kumbe ilipoteza tarafa.

Angalia na tafsiri ya neno "ajira." Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubaliana kwamba anayelima zaidi kwa ajili ya chakula chake mwenyewe asihesabiwe kuwa ameajiriwa, ahesabiwe kwenye kundi lake. Nchi inapoanza kutumia kipimo hicho, ajira za kilimo hushuka kwenye karatasi bila mtu hata mmoja kuweka jembe chini. Kabla ya kulinganisha miaka miwili, soma ukurasa wa maelezo ya kila utafiti, hata kama unachosha.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningekusanya hesabu yangu mwenyewe kutoka pale kazi zilipo. Vyama vya ushirika vya mkonge vina daftari la wanachama na la malipo. Korona ina kitabu cha tani zinazoingia na zamu za watu. Halmashauri ina leseni za biashara, idara ya elimu ina orodha ya watumishi, stendi ina viongozi wa bodaboda wanaojua idadi yao kuliko ofisi yoyote. Chagua miaka miwili ya kawaida, isiwe ya ukame wala ya ujenzi. Kisha tafuta wilaya mwenza badala ya kutegemea taifa peke yake. Kwa mkonge ningekwenda Kilosa, mkoani Morogoro, ambako zao ni lile, bei ni ile na sheria ni ileile. Kilosa ikiwa imeshikilia watu wake na Korogwe imewaachia, sababu iko nyumbani na inaweza kurekebishwa na mtu aliye Korogwe. Zikiwa zimeanguka pamoja, usipoteze nguvu za kata kupigana na bei ya dunia. Zielekeze kwenye barabara, soko la mboga na maji ya umwagiliaji, vitu ambavyo mkono wenu unavifikia.

Kwenye taarifa yenyewe, andika kila sekta kwa mafungu yake matatu, na chini ya kila fungu la mahali andika ulichoambiwa na watu na umeambiwa na nani, mkulima au meneja, kwa sababu hao wawili wataeleza korona ileile kwa namna mbili. Wape nafasi sawa hata kama mmoja anakuja na gari.

Na ukifika ofisi ya ushirika, kabla hujauliza idadi ya wafanyakazi, omba daftari la upandaji. Hekta zilizopandwa miaka mitatu iliyopita ndizo zitakazokwambia korona itahitaji wakataji wangapi zaidi mwaka huu, na zilizopandwa msimu uliopita zitakwambia kama mdogo wako aliyeko kidato cha kwanza atakuta kazi pale akimaliza.